Ukucha Mmoja Usipakwe Hina

Mnisamehe kwa mwandiko. Huu ni wa mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto haukwenda shule. Ule wa kulia ulifika darasa la nane, tukaishia hapo pamoja. Maneno mengine nimeyaandika vile ninavyoyasikia, kwa hivyo ukikuta herufi imekosekana, iweke mwenyewe. Ukurasa mmoja unanichukua karibu siku nzima.

Nesi wa mazoezi ndiye aliyenipa daftari hili. Alisema litakaa kwenye benchi nje ya chumba chake, ili wanaongoja walisome. Aliniambia, "Habiba, wewe huongei. Basi andika."

Ni kweli siongei. Nyumbani kwetu, mtaa wa Wabera, Isiolo, wageni wakiingia mimi huenda jikoni. Ninachojua ni kupaka hina. Hiyo kazi haitaki maneno. Unashika mkono wa mtu, unainamisha kichwa, na anayeongea ni yeye. Kabla ya Idi wasichana walikuwa wanajaa uani kwetu, wengine wanatoka mbali, na mimi nilikuwa nawapaka wote kwa mkono huu wa kulia. Mwisho nilijipaka mwenyewe. Mwaka huo nilitia vidole vyangu hina nyeusi, ile inayochanganywa na unga wa kupaka nywele, kuanzia kwenye kucha mpaka kiungo cha pili. Vikang'aa kama vimevaa soksi.

Kesho yake tulikuwa bado tunafunga, na bomba lilikuwa limekauka. Mama akanituma maji na punda. Kila mtu Isiolo anajua kamba ya punda hushikwa tu, haizungushwi mkononi, kwa sababu punda akishtuka atakwenda na wewe. Mimi pia nilijua. Lakini sikutaka kamba isugue vidole vyangu vya Idi. Nikaizungusha kwenye mgongo wa mkono mara mbili.

Lori la mbuzi lilipita likapiga honi. Punda akaondoka. Niliburutwa mpaka langoni kwetu, na mkono ukabanwa kati ya kamba na mlingoti wa chuma. Vijana wa boda waliokuwa pale walicheka, maana hawakujua. Mmoja alipiga kelele, "Dada, shika breki!" Mimi pia nilitaka kucheka. Kisha nikautazama mkono, ukawa unavimba mbele ya macho yangu kama unga uliotiwa hamira.

Mama alimwita kaka yake, Guyo. Ndugu wa mama sisi Waborana tunamwita abuya. Abuya Guyo anaunga mifupa, ya mbuzi na ya watu, na watu walikuwa wanaletwa kwake hata kutoka Kipsing. Alikaa kwenye mkeka, akaushika mkono wangu polepole.

"Kunja ngumi."

Nikakunja. Kidole kidogo kikaingia chini ya jirani yake, kama mtu anayejificha nyuma ya mwingine.

"Umeona?" alimwambia Mama. "Kidole ikipita chini ya ingine, hiyo si kuteguka. Na hapa kwa vifundo, hesabu. Moja, mbili. Hizi ingine mbili imeenda wapi?"

Pale ambapo vifundo vya ngumi husimama, upande wa kidole kidogo palikuwa tambarare. Nimeandika haya kwa sababu Abuya alikuwa amesema kweli. Hospitalini walipopiga picha waliona hivyo hivyo: mifupa miwili ya kiganja ilikuwa imevunjika na kupinda. Wewe unayesoma, ukianguka ukadhani umeteguka tu, kunja ngumi polepole utazame vidole vyako vinaelekea wapi. Kimoja kikipotea njia, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sisi hatukwenda. Mama aliuliza, "Tumpeleke hospitali?" lakini aliuliza huku akikunja sambusa.

"Picha ya nini?" Abuya alisema. "Mimi nimeiona bila picha."

"Basi funga, Guyo. Funga vizuri, wageni wamejaa, huyu hatakaa bila kushika kitu."

Alivuta mifupa. Sitaandika kuhusu hilo. Akaweka vijiti alivyovimenya, akafunga vitambaa, akakaza, akakaza tena. Alipomaliza alifanya jambo ambalo hufanya kila mara. Alibonyeza ukucha wangu, akauachia, akautazama. Ukucha ukibonyezwa huwa mweupe, kisha damu hurudi ukawa na rangi yake. Isiporudi upesi, vitambaa vimebana mno. Alibonyeza mwingine. Akausogeza mkono karibu na jua.

"Siioni," alisema. "Hii kucha yote ni nyeusi."

Akatoa wembe mfukoni. "Nikwangue moja tu. Moja. Hii ndio dirisha yangu."

Nikaurudisha mkono kifuani. Sikusema kitu, niliurudisha tu.

Mama akacheka. "Guyo, mwache mtoto. Fundi wa hina aende Idi na ukucha mweupe, kama amepakwa na kipofu?"

"Kipofu nipo hapa," akasema Akko kutoka pembeni. Akko ni nyanya yetu, mama yao wote wawili, na macho yake yameingia ukungu. "Na sijampaka mtu."

Wote wakacheka, hata Abuya. Akarudisha wembe mfukoni. Jioni hiyo alikuwa anaondoka kwenda Garbatulla kwa Idi. Alipofika mlangoni aligeuka akasema, "Ikiuma sana mtafungua."

Iliuma sana. Hatukufungua.

Nataka usome hapa taratibu hata kama zamu yako imekaribia. Mfupa uliofungwa vizuri maumivu yake hupungua. Yangu yalipanda. Siku ya Idi yenyewe mkono ulikuwa unapiga ndani ya vitambaa kama kitu kinachotaka kutoka. Mtoto wa jirani alinivuta kidole kunisalimia nikakaribia kuzirai. Wageni waliingia wakasema pole, wakatazama ncha za vidole zilizotokeza kwenye vitambaa, wakasema, "Lakini hina imeshika, mashallah!" Mmoja alipiga picha. Nilikaa kwenye kona nikatabasamu. Mama aliniuliza mara mbili, "Inauma?" Nikasema kidogo. Nyumba ilikuwa imejaa watu, na mimi sijui kulia mbele za watu.

Baadaye vidole vikaanza kutambaliwa na kitu kama siafu. Halafu siafu wakaondoka. Kidole kidogo na cha jirani yake vikanyamaza kabisa, haviumi, haviwashi, hakuna kitu. Nilimshukuru Mungu. Nilidhani nimepona. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko lile la kamba, na ninaomba mtu mwingine asilifanye: mkono uliofungwa ukiacha kuuma ghafla na kidole kikawa si chako, usishukuru. Kata vitambaa na ukimbie.

Aliyejua ni Akko. Siku ya pili baada ya Idi nilimpelekea chai. Yeye hupenda kukushika mikono ajue ni nani amekuja. Akashika wa kushoto, akashika ncha za ule wa kulia, akazishika tena.

"Hii ni mkono ya nani?"

"Yangu, Akko."

"Na hii ingine?"

"Pia yangu."

"Hapana." Akauvuta mpaka shavuni kwake. "Hii ni baridi kama ya mtu anangoja kuoshwa."

Mama alikuja akatazama. "Mama, ni vile tu ameshinda kivulini. Tazama, rangi ni ile ile."

"Mimi sioni rangi," Akko alisema. "Mimi nasema ni baridi. Kata hiyo kitu."

Sisi wote wenye macho tulikuwa tumetazama hina. Chini yake vidole vilikuwa vimeshaanza kuwa vyeusi vyenyewe.

Hospitalini walikata vitambaa kwa mkasi, na harufu iliyotoka sitaisahau. Nesi mmoja alichukua pamba yenye spiriti akasugua ukucha wangu, akasugua tena kwa hasira, hina haikutoka. "Hina, hina," alisema peke yake. Daktari alichukua sindano.

"Unasikia nikichoma?"

"Ndiyo," nilisema.

Sikuwa nasikia. Ilikuwa ni ile ndiyo yangu ya kumkubalia kila mtu mzima. Nadhani aliniona, kwa sababu alisema, "Funga macho." Akauliza, "Sasa?" Nikasema ndiyo. "Na sasa?" Ndiyo. Nilipofungua macho sindano ilikuwa mezani na yeye ameweka mikono mfukoni. Hakunikaripia. Alimgeukia Mama akauliza, "Nani alifunga huu mkono?"

"Ndugu yangu," Mama alisema. "Ni yeye. Ni Guyo amemuua mtoto wangu."

Siku hiyo walinipasua mgongo wa mkono na kiganja ili nyama ipumue, wakauacha hivyo, wazi, umefunikwa na bandeji tu. Kisha nikapelekwa hospitali kubwa huko Meru. Barabara inapanda mpaka kwenye mawingu, na mimi nilikuwa na buibui na kandambili. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mmoja Mmeru aliyevunjika nyonga, alinipa sweta yake. Alisema, "Vaa, mami, wewe umetoka kwa moto." Niliivaa kwa mkono mmoja, wa pili ukaning'inia. Sikuwahi kumshukuru kwa sauti. Kama anasoma hapa, ahsante.

Mvua ndefu ilinikuta wodini. Siku nilikuwa nazihesabu kwa bandeji. Kila baada ya siku moja walikuwa wanakuja kuosha, na nikisikia magurudumu ya kitoroli cha dawa yanalia sakafuni nilikuwa navuta shuka mpaka machoni. Waliweka waya kwenye mifupa, ncha zikatokeza kwenye ngozi. Walichuna ngozi ya paja wakaibandika juu ya mkono. Paja liliuma kuliko mkono, hakuna aliyeniambia hilo mapema, kwa hivyo mimi nakuambia.

Vile vidole viwili hawakuvikata upesi. Walisema wanangoja kuona mwili wenyewe utaweka wapi mpaka kati ya nyama hai na iliyokufa. Nikakaa navyo wiki nyingi, vimekauka kama tende. Nilikuwa nazitazama kucha. Kwenye vidole vitatu vilivyo hai kucha zilikua, chini ya hina pakatokea mstari mweupe kama mwezi mwembamba, na kila wiki hina ikasukumwa mbele. Kwenye vile viwili hina haikusogea. Ilibaki pale pale, imeshika vizuri, mashallah. Nikajua kabla daktari hajasema.

Aliposema, Mama aliondoka akaenda kusimama dirishani. Mimi nilisema ndiyo. Safari hii nilikuwa nimeelewa.

Kwetu kitu cha mwili hakitupwi, huzikwa. Mama alipewa vidole vyangu vimefungwa kwenye kitambaa. Abuya Guyo alikuwa amekaa nje ya lango la hospitali tangu asubuhi, kwenye mvua, kwa sababu Mama alikuwa amekataa aingie. Mama alipiga simu nyumbani. Baba alikuwa mbali na ng'ombe, simu haikumpata. Akko akasema kwenye simu, kwa sauti ambayo hata mimi kitandani niliisikia, "Mpe Guyo. Yeye atazika."

"Yeye ndiye aliyevikata!"

"Mpe."

Mama alishuka akampa. Niliambiwa hawakusalimiana. Abuya alirudi Isiolo akavizika pembeni mwa makaburi, akaweka jiwe. Najua ni lipi. Sijawahi kusimama pale muda mrefu.

Nilipotoka hospitali ya Meru kiangazi kilikuwa kimeanza. Hapo ndipo lilipoanza benchi hili. Mnalijua, lina mguu mmoja mfupi, na ukikaa upande wa ukutani linainuka. Waya zilitolewa kwa koleo, ni haraka, usiangalie. Baada yake mkono ulikuwa kama ubao. Nesi wa mazoezi aliniwekea karai la mahindi na maharagwe yaliyochanganywa akasema nitenganishe. Siku ya kwanza nilitoa haragwe moja. Akapiga makofi. Nilitaka kumtupia lile haragwe, lakini sikuweza kulishika vizuri.

Nyumbani tunakula kwenye sinia moja, na kwa Waislamu mkono wa kula ni wa kulia. Nilipoanza kula kwa kushoto jirani yetu, Mama Saadia, alivuta ukingo wa sinia kidogo upande wake. "Na mkono wa kushoto, Habiba?"

"Mungu ameona bandeji," Akko alisema. "Wewe pia ungeiona kama hungekuwa unatazama nyama."

Nilicheka siku hiyo. Lakini baadaye nilikuwa nangoja wote wamalize, nakula jikoni peke yangu. Wasichana hawakuja uani Idi ya mfungo tatu, ile ya kuchinja. Walikwenda kwa fundi mwingine, na walipopita langoni walinisalimia kwa sauti ya chini, kama nyumba yenye msiba.

Na Abuya hakuwa anakuja. Mama alikuwa amesimulia mtaa mzima: sokoni, msikitini upande wa wanawake, kwenye foleni ya maji. Watu waliacha kupeleka mifupa yao kwake. Nikawa nasikia, "Yule Guyo aliyekata vidole vya mpwa wake." Akahamia Garbatulla, akawa mtu wa kuuza mbuzi wa wengine. Mimi nilinyamaza. Kila nilipotaka kusema, nilikuwa nauona ule wembe unarudi mfukoni, nikaenda jikoni.

Mvua fupi zilipoanza, Mama Saadia alikuja mbio na mwanawe mdogo ameshika mkono. Mtoto alikuwa ameanguka kwenye matope akaumia mkono. Uani kulikuwa na wanawake watano au sita wanakunywa chai.

"Msimpeleke kwa mtu kama Guyo," mmoja alisema. "Ona alichofanya hapa."

"Yeye huyo," Mama akasema. "Alifunga mtoto wangu kama mzigo wa kuni."

Nilikuwa nimebeba birika. Nikaliweka chini.

"Abuya alitaka kukwangua ukucha," nilisema.

Wakageuka wote. Nadhani wengine walikuwa hawajawahi kusikia sauti yangu.

"Hakuweza kuona damu. Alitoa wembe, akaomba ukucha mmoja. Mimi ndiye niliyerudisha mkono. Kwa sababu ya hina."

Hayo tu ndiyo niliyosema. Sikusema maneno ya Mama, yale ya kuchekesha. Yeye aliyakumbuka mwenyewe. Alisimama akasema anaenda kuangalia chai, na chai ilikuwa mbele yake, kwenye birika. Hakuna aliyemwambia. Mimi nilimshika mtoto wa Mama Saadia nikamkunjisha ngumi, tukaona kidole chake cha pili kinapotea njia. Wakampeleka hospitali siku ile ile. Sasa hivi anacheza mpira na mkono huo, na ananirushia mawe.

Habari huwa zinafika Garbatulla. Baada ya wiki mbili Abuya alikuja. Alikaa kwenye mkeka ule ule. Mama alimpa chai bila kumtazama usoni.

Aliniambia, "Nimesikia umesema. Lakini usinibebee yote. Mimi nilifunga kama mkono imemaliza kuvimba, na ilikuwa bado. Picha nilikataa. Hiyo ni yangu. Na mtu mzima akitaka kukwangua ukucha, anakwangua. Haombi."

Ameanza tena kupokea watu, lakini anawauliza picha kwanza. Asiye na picha anamrudisha.

Idi imepita tena juzijuzi. Sikutarajia mtu yeyote uani. Mkono wa kulia unashika kikombe, unafunga kifungo, na kwa maharagwe sasa najaza bakuli. Kalamu na koni ya hina bado. Vidole vitatu vinatetemeka, mstari unakuwa kama njia ya mbuzi. Nesi anasema labda mwaka ujao, na labda hapana. Nimeamua kulielewa hilo neno vile lilivyo.

Jioni moja kabla ya Idi Mama alikuja jikoni na koni ya hina nyeusi. Akakaa kwenye kigoda mbele yangu, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipake."

"Mama, ni kwa kushoto. Itakuwa mbaya."

"Iwe mbaya."

Nikaanza. Maua yalitoka kama yamekanyagwa. Alinyamaza muda wote, na Mama si mtu wa kunyamaza. Nikatia vidole vyake hina kimoja kimoja, nikafika kwenye kidole kidogo cha mkono wa kulia. Akakikunja ndani ya kiganja, akakifunika kwa mkono wa pili, hina mbichi ikachafuka yote.

"Ukucha huu uache," alisema.

Siku ya Idi alitembea mtaa mzima na hina iliyochafuka na ukucha mmoja mweupe, na walioulizia aliwaambia kwa nini. Aliwaambia yote, na maneno yake mwenyewe ndani yake. Sikuwepo, niliambiwa na Mama Saadia.

Sasa wewe uliyekaa kwenye benchi. Sijui umevunjika wapi, wala kama umepoteza kitu ambacho hakirudi. Mimi nimeandika polepole, wewe hata ukiandika polepole zaidi mimi nitangoja, kungoja nimekuzoea. Nimeacha kurasa za nyuma tupu. Kalamu imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa benchi, ule mfupi. Niandikie ni mkono gani, na kama unauma au umenyamaza. Ukiwa umenyamaza, usiandike kwanza. Simama, gonga mlango wa nesi, mwambie kwa sauti. Halafu urudi uniandikie.